Kutoka Chungu cha Wino hadi Simu ya Mkononi: Historia ya Picha Isiyotikisika

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi za kuandika programu za watu zimenibana kweli kweli. Leo naomba tuziache kando hifadhidata na seva, tuzungumze kuhusu kile kijiti cha kushikia simu ambacho bila shaka mmekiona mikononi mwa wapiga video wa harusi. Simu imekaa juu yake, mpiga video anatembea, anapanda ngazi, anaizunguka meza ya keki, na picha inateleza kama mtumbwi kwenye maji matulivu. Kinaitwa gimbali. Wengi wanadhani ni kitu cha juzi kilichokuja pamoja na simu za kisasa. Kumbe wazo lenyewe lina zaidi ya miaka 2,200, na limepita hata pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Mimi nililijua kwa kuchelewa, na kuchelewa huko kulinigharimu. Ngoja nianzie hapo.

Desemba 2017, nikiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, nilikwenda nyumbani Kikima, huko Mbooni, kaunti ya Makueni. Kwa ambao hamjafika, Kikima ni soko lililo juu milimani, na shamba letu liko kwenye mteremko ambao ukidondosha parachichi mlangoni unaliokotea mtoni. Babu, aliyekuwa akikaribia miaka 80, aliniona na simu mpya akaniambia nimfuate. Alitaka kunionyesha matuta ya shamba, moja baada ya jingine: lipi lilichimbwa kwa amri ya chifu enzi za mkoloni, lipi lilichimbwa na mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi, na nani alikuwa wapi siku hiyo. Alishuka kwa miguu yake myepesi, mimi nyuma yake mbio mbio, simu mkononi. Nilirekodi dakika 11.

Jioni tulikaa sote tuitazame kwenye kompyuta ya ami yangu. Dakika ya pili shangazi akasema anasikia kichefuchefu. Mama akaanza kutazama pembeni. Babu mwenyewe akauliza, "Kwani siku hiyo kulikuwa na tetemeko la ardhi?" Tulicheka sana. Tukakubaliana kwamba nitarudi Pasaka turudie. Pasaka hiyo sikwenda, nilikuwa na mitihani. Na iliyofuata pia sikwenda. Babu alifariki mwaka 2019.

Kwa hiyo makala haya si ya kusifu kifaa. Ni majibu ya swali ambalo nimekuwa nikijiuliza tangu wakati huo: kwa nini macho yangu yalimwona Babu vizuri siku ile, lakini simu iliyokuwa sentimita chache tu kutoka usoni pangu haikumwona?

Jibu la kwanza liko bandani kwa kuku. Mshike kuku kwa mikono miwili, mwili wake tu, kisha msogeze taratibu juu, chini, kushoto, kulia. Mwili utakwenda, kichwa kitabaki palepale hewani kana kwamba kimepigiliwa msumari. Kuku hufanya hivyo ili macho yake yatulie. Sisi binadamu hatuchezeshi shingo kiasi hicho, lakini tuna ujanja wetu. Ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, kila mmoja umeelekea upande wake. Kichwa kikigeuka, mifereji huhisi, na macho huzungushwa upande wa pili kufidia. Kazi hii hufanyika bila sisi kujua. Ndiyo maana mtu akitembea haoni dunia ikirukaruka, na ndiyo maana anayepiga video kwa mara ya kwanza hushangaa akiitazama. Mtikisiko ulikuwepo muda wote. Yeye alikuwa amefichwa.

Kumbuka idadi hiyo, tatu. Chombo chochote ukishika mkononi kinaweza kugeuka kwa njia tatu tu: kuinama mbele na nyuma, kulala ubavu, na kuzunguka kushoto na kulia. Historia nzima ya gimbali ni historia ya watu waliokuwa wakitafuta namna ya kukitenganisha chombo na mkono unaokibeba, ili mkono ugeuke kwa njia zote hizo na chombo kisijue.

Anayetajwa mapema zaidi ni Philo wa Byzantium, mhandisi Mgiriki wa karne ya 3 kabla ya Kristo. Alieleza chungu cha wino chenye pande nane, kila upande una tundu. Ukigeuze utakavyo, tundu lolote likiwa juu utachovya kalamu na wino haumwagiki. Siri yake ilikuwa ndani: kibakuli cha wino kimening'inizwa kwenye pete zilizoingiana, kila pete ikizunguka kwenye ekseli yake. Uchina nako, katika karne ya 2 baada ya Kristo, fundi Ding Huan anatajwa kwa kutengeneza chetezo cha namna hiyo, ambacho kiliweza kubingirika bila kumwaga makaa. Kisha Mwitaliano Girolamo Cardano, aliyeishi kati ya 1501 na 1576, akaziandika pete hizi katika vitabu vyake. Hakuzivumbua yeye, lakini jina lake lilizigandia: mpaka leo lugha kadhaa za Ulaya huziita kwa jina la Cardano. Ndivyo ilivyo hata kwenye mambo yetu ya programu, anayeandika maelezo mazuri ndiye anayekumbukwa.

Nani aliyezihitaji pete hizo kuliko wote? Mabaharia. Meli hulala, huinuka, hupinda, na dira inatakiwa ibaki sawa. Baadaye ikaja saa ya baharini, kronometa, iliyowawezesha manahodha kujua wako umbali gani mashariki au magharibi. Ilifungwa ndani ya sanduku la mbao, ikining'inia kwenye pete za shaba. Na hapa ndipo hadithi inafika kwetu. Kati ya 1822 na 1826, Mwingereza William Owen alipima pwani ya Afrika Mashariki akiwa na meli mbili, Leven na Barracouta. Mwezi Februari 1824 alitia nanga Mombasa na kuingia kwenye mambo ya siasa za Wamazrui, lakini hilo ni somo la siku nyingine. Ramani alizoondoka nazo zilitegemea kronometa. Magonjwa ya kitropiki yaliwaua zaidi ya nusu ya watu wake. Meli iliyumba, watu waliugua, lakini ndani ya sanduku saa iliendelea kukaa sawa.

Hata hivyo pete pekee zina udhaifu. Kinachokirudisha chombo wima ni uzito wake tu. Ukikitikisa ghafla, kinaanza kubembea kama bembea ya watoto, na kutulia kwake kunachukua muda. Kwa saa hilo si tatizo kubwa, kwa picha ni balaa. Ilihitajika njia ya kuhisi mzunguko wenyewe. Mwaka 1852 Mfaransa Léon Foucault alionyesha gurudumu linalozunguka kwa kasi ndani ya pete, ambalo hukataa kubadili mwelekeo hata ukigeuza fremu yake. Akaliita jairoskopu. Alilitumia kuthibitisha kwamba dunia inazunguka. Katika karne ya 20, jairoskopu zikaja kuongoza meli, ndege na makombora.

Na roketi pia, tena hapa Kenya. Baharini karibu na Malindi kulikuwa na jukwaa la Waitaliano lililoitwa San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya uhuru, iliruka kutoka hapo roketi ya Scout ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza iliyotengwa mahususi kuchunguza miale ya X kutoka angani. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Jairoskopu za Scout hazikuning'inizwa kwenye pete. Zilifungwa moja kwa moja kwenye mwili wa roketi, zikapima inavyogeuka, na mitambo ikasahihisha mwelekeo. Tafadhali lishike hilo, maana simu iliyo mfukoni mwako inafanya vilevile.

Sasa turudi kwenye picha. Kwa miongo mingi mpiga sinema aliyetaka picha tulivu alikuwa na njia mbili: aiweke kamera kwenye miguu mitatu isiende popote, au aiweke kwenye kigari kinachosukumwa juu ya reli. Reli zilihitaji sakafu sawa, mafundi na pesa. Nje ya hapo ni kuibeba begani na kuvumilia mtikisiko. Hata filamu zetu za Riverwood, zile zilizotengenezwa haraka haraka na kuuzwa River Road jijini Nairobi, nyingi zilipigwa hivyo.

Aliyevunja ukuta huo ni Mmarekani Garrett Brown wa Philadelphia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitafuta namna ya kutembea na kamera bila reli, akatengeneza chombo kilichokuja kuitwa Steadicam. Hakikuwa na kompyuta wala mota ya kukisawazisha. Kilikuwa na mambo matatu: mkono wa springi uliofungwa kwenye fulana ya mbebaji ili kunyonya mtikisiko wa hatua; pete za gimbali zilizowekwa karibu kabisa na kitovu cha uzito; na nguzo ndefu yenye kamera juu, betri na skrini chini. Kwa nini nguzo ndefu? Mwulize mchukuzi wa maji wa pwani anayetumia mzega. Mzigo ukiwekwa mbali na katikati, mwisho mmoja wa mti na mwisho wa pili, unakuwa mgumu kuzungushwa. Uzito uliotawanywa ni mzito wa kugeuka. Brown alifanya mzega wa kamera.

Katika filamu yake ya majaribio alimrekodi rafiki yake wa kike akikimbia kwenye ngazi za jumba la makumbusho la sanaa la Philadelphia. Mwongozaji John Avildsen aliiona, akataka kujua ngazi hizo ziko wapi, na ndiyo maana shujaa wa Rocky (1976) anapanda ngazi zilezile. Filamu nyingine ya mwaka huohuo, Bound for Glory, ndiyo iliyokitumia chombo hicho kwanza. Mwaka 1978 Brown alipewa Oscar ya kiufundi. Lakini kifaa kilikuwa kizito, ghali, na mbebaji alihitaji mafunzo. Fundi wa Kikima hakuwa na njia ya kukifikia.

Kilichokishusha bei ni kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Wahandisi walijifunza kuchonga jairoskopu kwenye silikoni. Hakuna gurudumu tena. Kuna vipande vidogo mno vinavyotetemeka maelfu ya mara kwa sekunde, na ukivizungusha, mtetemo wao husukumwa kidogo pembeni. Msukumo huo hupimwa kwa umeme. Mwaka 2010 iPhone 4 ilitoka ikiwa na jairoskopu ya aina hiyo, ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye mwili wa simu. Umeona? Kama Scout ya Malindi.

Upande wa pili, wapenda droni walikuwa wanahangaika kutuliza kamera zao angani. Waliunganisha jairoskopu hizi, mota ndogo zisizo na brashi, na prosesa ya bei nafuu. Kwa lugha yetu waandishi wa programu, gimbali ya kisasa ni kitanzi kisicho na mwisho: pima, linganisha na unapotaka kuwa, amuru mota igeuke kinyume, rudia. Kitanzi hicho kinazunguka mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na kuna mota tatu, moja kwa kila njia ya kugeuka. Ni mifereji mitatu ya sikio, lakini imeandikwa kwa lugha ya C.

Bei zinasimulia vizuri kuliko mimi. Mwaka 2013 kampuni ya Freefly ilitoa MōVI M10 kwa ajili ya kamera za sinema, karibu dola 15,000. Mwaka 2016 DJI ikatoa Osmo Mobile kwa ajili ya simu, dola 299. Mwaka 2018 toleo la pili likashuka hadi dola 129. Mimi niliinunua yangu Luthuli Avenue, Nairobi, mwaka 2023, nikalipa shilingi 11,500.

Lakini kabla ya kuinunua nilijaribu kwanza kuiokoa ile video ya 2017. Si mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta wa familia? Nilichukua ffmpeg, programu huria ambayo wengi mnaifahamu, pamoja na nyongeza yake ya vid.stab. Inafanya kazi kwa awamu mbili. Ya kwanza inapita fremu kwa fremu ikitafuta picha imeruka kiasi gani, na kuandika kwenye faili. Ya pili inairudisha kila fremu kinyume cha mruko huo, kisha inakuza picha kidogo kuficha kingo zilizobaki wazi.

Matokeo? Nusu mkate. Shangazi aliweza kutazama. Lakini kukuza kule kulikata kingo, na Babu alikuwa mtu wa kuonyesha kwa mkono. Mara nyingi anasema "lile pale," na mkono wake uko nje ya picha. Pili, simu husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, si yote kwa mpigo, kwa hiyo nilipokuwa nikikimbia matuta yalijikunja kama uji unaochemka, na hayakunyooka yote. Tatu, ilikuwa jioni, mwanga hafifu, na kila fremu ilikuwa imekwisha kufifia kwa mtikisiko ndani yake. Programu inaweza kuihamisha fremu. Haiwezi kurudisha ambacho hakikuingia. Nilijaribu na Gyroflow, programu huria inayotumia data ya jairoskopu badala ya kubahatisha kutoka kwenye picha. Nayo inahitaji data hiyo iwe ilihifadhiwa wakati wa kurekodi. Jairoskopu ya simu yangu ilikuwepo siku ile ikihisi kila hatua yangu. Hakuna aliyeiambia iandike.

Kitu kimoja tu kilikuwa kizima kabisa: sauti. Sauti haina mtikisiko.

Basi Desemba 2023 nilikwenda Kikima na gimbali, na nikamwomba Susu, mjane wa Babu, tushuke njia ileile. Akakitazama kijiti akauliza, "Hiyo fimbo ni ya nini, mjukuu wangu? Nani anaumwa mguu?" Nilimwekea sauti ya Babu kwenye spika ndogo mfukoni mwa sweta yake. Tukaanza kushuka, yeye mbele, sauti ya mumewe ikiongea kutoka mfukoni, mimi nyuma nikirekodi.

Tulipofika tuta la nne, Babu anasikika akisema hilo alilichimba yeye na kaka zake. Susu akasimama. "Hapo anadanganya," akasema, kana kwamba mzee yuko palepale anasikia. "Hili tulichimba sisi wanawake wa mwethya. Yeye alikuwa Nairobi anatafuta kazi." Akainama kunionyesha jinsi udongo ulivyotupwa upande wa juu wa mtaro, ile njia inayoitwa fanya juu, jina ambalo limetoka Ukambani likaingia mpaka kwenye vitabu vya kilimo vya Ulaya. Kisha akanitajia wanawake saba waliochimba naye. Wawili tu walikuwa hai. Yote hayo yako kwenye video, mkono wake, mtaro, uso wake, na hakuna aliyepata kichefuchefu.

Nilikumbuka hapo kitabu kimoja cha mwaka 1994, More People, Less Erosion cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, kilichochunguza wilaya ya zamani ya Machakos ambayo Mbooni ilikuwa ndani yake. Waliweka picha za miteremko zilizopigwa mwaka 1937, na picha za mahali palepale zilizopigwa zaidi ya miaka 50 baadaye. Milima iliyokuwa imechunika imejaa matuta na miti. Picha hizo zina thamani kwa sababu mpigaji wa kwanza alisimama akatulia. Lakini hazituambii nani alichimba. Kwa hilo unahitaji mtu atembee na kuongea.

Kwa mnaotaka kujaribu, haya ndiyo niliyojifunza mteremkoni. Toa kava la simu, kisha isawazishe kwenye kijiti kabla hujakiwasha. Mota zikilazimika kuubeba uzito uliopinda, betri itaisha upesi na picha itatetemeka. Gimbali inazuia kugeuka, haizuii kupanda na kushuka, kwa hiyo kunja magoti na utembee kama uliyebeba sufuria ya uji wa moto. Geuka polepole kuliko unavyodhani inafaa. Na kinga upepo kwenye maikrofoni, milima ya Mbooni ina upepo.

Kama huna gimbali, usingoje. Simu nyingi za siku hizi zina utulizaji wake ndani. Na usipokuwa nayo hiyo, simama mahali pamoja, egemea mti, bana viwiko mbavuni, mwache mzee ndiye atembee. Mimi nilikuwa na mti wa mparachichi nyuma yangu siku ile ya 2017. Kama ningeuegemea tu, leo ningeuona mkono wa Babu.

Haya, tukutane tena panapo majaliwa. Nyumbani kwenu kuna mzee gani?